Saiti mira za Hilux zilizoganda: niliyoyakuta kwa fundi mzee wa Ngamiani

Wakuu, juzi nilikuwa sheli najaza dizeli, jamaa mmoja mwenye Hilux kama yangu akaja akaizunguka gari, akashika saiti mira ya kushoto akaikunja, ikakunja, akairudisha, ikarudi na ule mlio wake wa tak, akaniuliza umenunua wapi hizi. Nikamwambia sijanunua bro, ni zile zile zilizokuja na gari. Akaniangalia kama vile namficha duka. Ko nimeona niandike yote hapa, maana najua sipo peke yangu, nenda pale Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, asubuhi uangalie pikapu zilizopaki, kati ya kumi hukuti mbili zenye saiti mira zinazokunja.

Gari yangu ni Hilux modeli ya LN106, dabo kebini ya 1994, injini 3L ile ya 2.8 dizeli, haina mbio ila haina kelele za kijinga. Nabeba samaki na barafu kutoka Tanga kwenda Muheza na Korogwe, na msimu wa machungwa ukifika narudi na machungwa. Sasa samaki na barafu maana yake maji ya chumvi, yanadondoka, yanarushwa na upepo, vijana wanaopakia wanashika saiti mira kwa mikono ileile iliyotoka kwenye tenga, halafu usiku gari inalala mita chache kutoka baharini. Kwa hiyo sio kosa la Toyota wala la mtu mwingine, ni mimi, miaka sita sikuwahi kuzimwagia hata kikombe cha maji baridi.

Upande wa kushoto ulikuwa umeganda kote kuwili. Mkono haukunji, halafu kichwa chenye kioo nacho kimeganda kikiangalia juu, yaani ukikaa kwenye usukani unaona vilele vya minazi, vizuri kabisa, lakini bodaboda aliye ubavuni humwoni. Upande wa kulia kioo kilikuwa kinageuka kwa shida ila mkono nao ulikuwa umekamata, ukiusukuma mlango mzima unacheza. Nikaishi hivyo mwaka mzima na zaidi. Utingo wangu ndo alikuwa saiti mira ya kushoto, anatoa kichwa dirishani, "twende, twende, subiri kuna boda, haya twende". Siku akiumwa mimi naendesha nimejikunja kama nachungulia kisima.

Kilichonitoa usingizini ni mambo mawili. La kwanza trafiki, njia ya Segera, akakaa kwenye kiti changu kabisa, akaangalia kile kioo, akacheka, akasema kijana hii inakuonyesha mbinguni, akaniandikia elfu thelathini. Sikubisha, alikuwa na haki yake. La pili ndo liliuma. Ngamiani kule ndani kwenye zile barabara za namba, nimepishana na bajaji kwa ukaribu, bajaji ikanigonga saiti mira ya kulia. Mwendo mdogo tu, kama mtu anayetembea haraka. Saiti mira isiyoganda ingejikunja, ungerudisha na mkono ukaendelea na safari, ndo maana iliwekewa mkunjo, sio kwa ajili ya kupendeza ukipaki. Yangu kwa sababu imeganda nguvu yote ikaenda kwenye mlango, bati likabonyea ndani, skrubu moja ikang'oka na nyuzi zake. Kunyoosha bati na rangi nikalipa hela ambayo ingetengeneza saiti mira za ukoo mzima.

Hapo ndo nikaanza kuhangaika, na nitawaambia ukweli nilivyofanya ujinga ili msirudie.

Nilianza na WD-40, ile ya kopo ya kupuliza. Watu wengi tunaichukulia kama dawa ya kila kitu, mimi pia. Baadae nikaja kusoma kwamba ilitengenezwa Marekani kule San Diego mwaka 1953, kazi yake ilikuwa kufukuza maji ili makombora ya Atlas yasishike kutu, na jina lenyewe ni ufupisho wa Kiingereza, Water Displacement, yaani kuondoa maji, jaribio la 40. Ko kwa kufukuza unyevu na kufungua kitu kilichoanza kukamata iko vizuri sana, mimi mpaka leo kopo halikosi kwenye gari. Ila nilivyoitumia mimi ni kama mtu anayemeza panadol halafu baada ya sekunde tano analalamika kichwa bado kinauma. Nilipuliza, nikavuta, haikusogea, nikapuliza, nikavuta. Kosa langu hilo, kutu ya miaka sita inataka muda.

Halafu nikaweka mafuta ya alizeti. Msicheke. Yalikuwepo jikoni. Mafuta ya kupikia kwenye jua yanageuka ulimbo, yanashika vumbi, ndani ya wiki nimetengeneza gundi. Halafu jirani akaniambia breki fluidi inalegeza kila kitu, nikamimina, kweli ikalegeza, ikalegeza rangi ya mlango. Mpaka sasa kuna alama chini ya saiti mira ya kulia kama mtu kalia machozi. Breki fluidi inakula rangi wakuu, iacheni kwenye breki.

Baada ya hapo nikapeleka gereji moja, jina silitaji. Vijana wana nguvu na wana haraka. Mmoja akaingiza bomba kwenye mkono wa saiti mira apate urefu wa kuvutia, mwingine kashika mlango, moja mbili tatu, wakavuta, kioo cha kulia kikapasuka katikati na saiti mira haikusogea hata unywele. Wakaniambia bosi hizi zimekufa, nunua mpya. Nikalipia na huo ushauri.

Nikanunua mpya za kichina, pea 45,000. Ngoja niwe muungwana, siku ya kwanza zilipendeza, nyeusi zinang'aa, nikajiona nimezaliwa upya. Ila matundu hayakuoana na ya mlango wangu, fundi akatoboa mengine mawili kila upande, na hapo ndo nilipaswa kusema hapana, maana tundu jipya kwenye mlango ukiishi pwani ni mlango wa kutu. Barabarani ukifika 60 kioo kinaanza kutetemeka, ukifika 80 huoni kitu, unaona rangi tu, kuna kitu chekundu kinakuja nyuma, ni basi au ni lori la soda utajua likishakupita. Halafu kioo chenyewe kimepinda sana, semitrela iliyo mgongoni unaiona kama bajaji iliyoko mbali, siku moja nilitaka kuovateki nikashtukia honi iko sikioni. Na baada ya masika moja zile springi za ndani zikaanza kutoa maji ya kahawia. Miezi minne hiyo.

Nilipoenda Dar nikapita Gerezani kutafuta mtumba wa Japani. Zipo, lakini kwa LN106 ni za kutafuta, na mwenye nayo anajua unaitafuta. Mmoja akanitolea ya kushoto peke yake, 70,000, nikaishika nikajaribu kuikunja, nayo imeganda! Nikamwambia mkuu hii imeganda, akasema ndo ilivyo orijino, ngumu. Nikarudisha mezani taratibu nikaondoka. Na kule Dar kuna ile hofu nyingine tunayoijua wote, ya kununua saiti mira iliyotolewa usiku kwenye gari ya mtu, ndo maana watu wanachonga namba ya gari kwenye kioo na kuzipiga riveti. Sikutaka kujiingiza.

Sasa huyu mzee nilielekezwa na mama mmoja mteja wangu wa Muheza, ananunua vibua kwangu, ana kipikapu cha zamani chake na saiti mira zinakunja kama daftari. Nikamuuliza, akasema nenda Ngamiani, ulizia mzee anayetengeneza pasi na majiko ya gesi. Nikadhani kanisikia vibaya. Kumbe kweli, mzee kazi yake ni pasi, majiko, vitasa, cherehani, vitu vidogo vidogo vyenye springi. Gari hagusi, yaani ukifika na gari anakwambia fungua kilichoharibika uniletee, gari yako kaa nayo mwenyewe. Kibanda kina benchi moja, jiliwa moja la zamani limekunywa grisi mpaka limekuwa jeusi, na redio.

Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamtolea gunia. Zile orijino nilikuwa nimezihifadhi nyuma ya siti, namshukuru Mungu sikuzitupa. Akachukua ya kushoto, akaigeuza, akainusa. Akainusa tena.

"Hii alizeti. Ulikuwa unakaanga?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza nani kakwambia imekufa, nikasema vijana wa gereji, akasema vijana wana mikono, hawana siku. Nikauliza nitapata lini, akasema Jumatano. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nikamwambia mzee mimi nina safari, akanijibu kazi hii sio ya waja leo waondoka leo, ukitaka ya leo kuna duka la wachina pale barabarani. Nikanyamaza nikaacha gunia. Ila nilimwomba kitu kimoja, nije nikae niangalie, akakubali kwa sharti la kuja na kahawa.

Na nilienda, Jumamosi, Jumatatu na Jumatano yenyewe, na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu nilichokiona kilinifanya nione aibu kwa lile bomba.

Kitu cha kwanza hakuweka mafuta. Aliziosha. Maji ya moto, sabuni ya unga, mswaki wa zamani, kila upenyo, akazisuuza mara tatu akazianika juani. Anasema chumvi ikiwa ndani ukaweka mafuta juu yake unaifunika tu na blanketi. Halafu akatoa kioo cha kushoto, kile kizima. Kile kioo kimeshikwa na mpira unaozunguka ukingoni, ukiuvuta ukiwa mkavu unakatika, yeye akakitumbukiza kichwa kizima kwenye beseni la maji ya moto, mpira ukalainika, akaupenyezea kijiko cha chai, sio bisibisi, kijiko, kioo kikatoka kizima. Akakifunga kwenye gazeti akakiweka juu kabisa ya rafu.

Baada ya hapo akachanganya dawa yake. Haidroliki ile nyekundu ya gia otomatiki na asetoni, ile inayofuta rangi ya kucha, nusu kwa nusu, kwenye kichupa cha dawa ya macho. Asetoni ni nyepesi mno, inapenya kwenye ufa ambao hata mafuta yenyewe hayaingii, inayavuta ndani halafu yenyewe inapotea, mafuta yanabaki. Akatingisha, maana vitu hivyo havipatani vikiachwa, vinatengana, akadondosha matone sita saba kwenye mshono wa mkunjo, akauzungushia kitambaa kilicholoa, akafunga na mfuko wa nailoni na mpira wa manati ili isikauke. Akaniambia isiguse plastiki wala rangi nzuri, asetoni inayeyusha. Asubuhi na jioni anafungua, anadondosha tena, anagonga kidogo na mpini wa bisibisi, tik tik tik, anafunga. Siku tatu hiyo ndo kazi, ukipita nje unaweza kusema mzee hafanyi chochote.

Nikamuuliza kwanini vinaganda hivi wakati ni chuma na chuma. Akasema sio chuma na chuma, kitako kile kinachokaa mlangoni ni aloi ya kumimina, yaani metali laini ya mchanganyiko, pini ya mkunjo ndo chuma. Vitu viwili tofauti ukiviweka pamoja katikati ukatia maji ya bahari, umetengeneza betri ndogo, na aloi ndo inaliwa. Ule unga mweupe unaotokea unahitaji nafasi kubwa kuliko aloi iliyoliwa, na nafasi hakuna, ko unabana pini kutoka pande zote kama kabari mia moja ndogo ndogo. Sasa wewe unapovuta na bomba unashindana na kabari mia moja kwa pamoja, kinachovunjika ni kile kilicho laini, yaani kioo chako au sikio la kitako.

Jumatatu jioni akafungua kitambaa, akafuta kila tone, akaacha kwenye upepo kama saa nzima. Hapo alikuwa mkali, asetoni inawaka vibaya, hakuna moto wala sigara karibu, alimfukuza jamaa mmoja na sigara yake mpaka ng'ambo ya barabara. Halafu akamtuma mtoto saluni ya jirani akaazime drayer. Ndio, drayer ya nywele, ya pinki. Akakibana kitako kwenye jiliwa na vipande viwili vya mpira wa tairi visikwaruze, akapuliza joto kwenye aloi tu, dakika kama kumi, anapima kwa kutemea mate kidole na kugusa. Aloi inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, ko tundu linakua zaidi kuliko pini inavyonenepa. Na amekataa gesi ya kuchomelea kwa sababu mbili, aloi haibadiliki rangi kama chuma, unaiangalia iko vile vile halafu ghafla imemwagika chini, na pili springi ikiungua inakuwa waya tu.

Kisha akashika mkono wa saiti mira na mikono yake miwili, bila bomba, bila spana, akausukuma mbele kidogo, akaurudisha nyuma kidogo. Mimi sikuona kitu kinachosogea. Akaendelea, mbele nyuma, mbele nyuma, anaongea na jirani mambo ya bei ya sukari, mara nikasikia krrr, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno, na kwenye mshono ukatoka unga mweupe, mkavu, kama chumvi ya mezani. Akatabasamu, akadondosha dawa, akaendelea. Kosa la wengi, anasema, ikisogea nusu inchi mtu anafurahi anaivuta mpaka mwisho, ule unga unajaa mbele unakamata tena, mbaya kuliko mwanzo. Unaenda mbele kidogo unarudi, kila ukirudi unga unatoka. Ilichukua kama dakika arobaini kwa ya kushoto. Ya kulia ilifunguka kwa robo saa.

Baada ya hapo ni kazi ya kawaida. Alibana springi, akafungua nati ya chini, pini ikatoka, unene wa kidole kidogo, imechimbika chimbika kama uso wa ndui. Akaisugua na msasa mpaka ikang'aa, tundu akalisafisha kwa msasa uliozungushiwa penseli. Yale meno ya mkunjo, yale yanayofanya tak, akayapiga mswaki wa waya wa shaba tu, tupa hakugusa, maana ukiyala yale saiti mira itakuwa inajikunja yenyewe na upepo. Washa za plastiki, vile visahani vyenye tundu katikati, zilikuwa zimeoza, akakata nyingine kutoka kwenye kidumu cheupe cha mafuta ya kula, na mkasi, bila kupima, zikaingia kama za kiwandani. Hapo hata alizeti imepata kazi yake halali.

Kichwa cha kushoto nacho, ile gololi inayoshika kioo, nyuma yake kuna skrubu moja inayobana kikombe. Watu wanavunja kichwa kwa sababu hawajui kuna skrubu, iko chini ya uchafu. Ukiilegeza nusu mzunguko, dawa, joto kidogo, gololi inazunguka. Aliibana tena kwa kujaribu jaribu, iwe ngumu kwa mkono wa mtoto na laini kwa mkono wa mtu mzima, hayo ni maneno yake na mpaka leo ndo kipimo changu.

Grisi alitaka kuweka ile ya kawaida ya bearing, nikamwambia subiri, nikaenda kununua grisi ya kopa, ile yenye rangi ya shaba, kwa sababu haioshwi kirahisi na maji na inazuia vitu viwili visishikane tena. Akaiangalia akasema haya, wewe ndo mwenye hela. Hapo tulitofautiana kidogo, yeye anaamini grisi yoyote inatosha kama unaosha gari, na pengine ana haki.

Gharama: 25,000 zote mbili, kioo cha kulia kilichopasuka alinikatishia kwa mtu wa vioo 8,000, grisi 6,000 nikabaki nayo nyingi. Jumla 39,000. Yaani chini ya zile za kichina.

Sasa ni miezi minane, vuli imepita na masika imepita, nabeba samaki vile vile. Kwa 80 kwenda Segera kioo kimetulia, namuona dereva wa basi nyuma yangu anakula mahindi. Zinakunja kwa mkono mmoja. Na mwezi wa nne boda alinigonga ya kushoto pale sokoni, ikalala, nikairudisha, tak, tukaombana radhi tukaachana. Utingo amebaki na kazi ya kubeba matenga tu, analalamika.

Lakini msidhani namsifia tu kwa sababu ni mzee wa watu, kuna mambo. Kwanza muda, aliposema Jumatano nilifika Jumatano akasema rudi saa kumi, saa kumi akasema bado rangi haijakauka, nikaondoka saa moja usiku. Pili rangi yenyewe, alizipuliza nyeusi ya kopo bila kumuuliza mtu, na alipuliza kwenye kivuli cha vumbi, ukipitisha kidole unasikia punje punje. Mimi nilitaka ule weusi wake wa zamani uliofifia. Tatu, hana simu ya kueleweka, ukitaka kujua kama imekwisha unaenda. Nne, risiti sahau, na ukiwa na gari ya ofisi inayotaka risiti usisumbuke. Tano, mpira wa kioo cha kulia aliukata mfupi, kuna upenyo kama wa upana wa kucha chini, maji ya mvua yanaingia na kutoka, niliziba na silikoni mwenyewe nyumbani.

Kazi yenyewe nampa tisa kwa kumi. Huduma, kama ni mtu wa haraka, nampa tano. Zile za kichina nampa mbili, moja ya muonekano na moja kwa sababu matundu yake sasa nimeyaziba kwa riveti na rangi ya kuzuia kutu, yamenifundisha kutumia drili.

Kama unataka kujaribu nyumbani kabla ya kumpelekea, fanya ile ya kuosha na maji ya moto na dawa ya siku tatu, haihitaji ufundi, inahitaji usiguse. Toa kioo kwanza. Plastiki na asetoni zisikutane. Ikigoma baada ya wiki ndo umpelekee, na umpelekee saiti mira mkononi, gari atakufukuza nayo. Mimi sasa kila nikishusha samaki namwagia maji baridi kwenye mikunjo yote miwili, lita moja tu, nazikunja na kuzikunjua mara tatu nne, Jumapili napuliza WD-40 kidogo kusukuma maji, basi.

Ijumaa anafunga kabla ya adhuhuri na harudi, msiende. Na mwende na kahawa, chungu, sukari hataki.